Tulipouza Gari la Baba



Sisi tunaoandika makala hii ni ndugu watatu wa tumbo moja, wenyeji wa Moshi. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, wa pili ana duka la vipuri vya magari, na wa tatu, kitinda mimba wetu, ni mseminari anayesoma teolojia. Mseminari wetu alipoombwa aandike juu ya Amri ya Nane, alitupigia simu akasema, "Kwa nini niandike kutoka kwenye daftari la darasani wakati tunayo ile habari ya gari?" Tukakubaliana tuiandike pamoja, maana kosa tulilokaribia kulitenda tulilikaribia wote watatu.

Baba yetu alikuwa fundi makanika. Alianza kazi akiwa kijana katika gereji ya mzee mmoja wa Kihindi hapa mjini. Mwaka 1978 mzee yule alifunga gereji, akahamia Kanada na familia yake. Hakuwa na fedha taslimu za kumlipa baba kiinua mgongo chake, kwa hiyo akampa gari lake mwenyewe, Datsun 240Z nyekundu. Watu walimcheka baba. Gari lenyewe lina viti viwili tu, halibebi mkungu wa ndizi wala gunia la mahindi, na petroli siku zile ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Rafiki zake walimwambia angeomba hata pikipiki.

Kwa wasiolifahamu, tueleze kidogo. Datsun 240Z ilitolewa na kampuni ya Nissan ya Japani mwaka 1969, na huko kwao iliitwa Fairlady Z. Ilikuwa gari la mbio lenye boneti ndefu na mgongo ulioteremka, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, ambayo mafundi wanaiita L24. Zile za usukani wa kulia, kama hili la baba, namba yake ya chesisi huanza na HS30. Utengenezaji wake uliendelea hadi mwaka 1973, kisha ikafuata 260Z.

Hapa Afrika Mashariki gari hilo lilipata jina kwa sababu ya mbio za Safari. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikapita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Magari yale ya kiwandani yalikuwa mekundu, na boneti zake zilipakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni.

Gari la baba nalo lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi. Ndiyo asili ya mambo yote tutakayoyasimulia.

Tangu utoto wetu, kila mtu mtaani alijua kwamba gari la baba "lilikimbia Safari". Vijana waliokuja kulichungulia bandani waliambiana hivyo, nasi tuliwaambia wenzetu shuleni. Mwalimu wetu, yaani dada yetu, anakumbuka kwamba akiwa darasa la tatu aliandika insha kuhusu baba yake na gari lililoshinda mbio, akapewa alama zote. Baba aliposikia maneno hayo alicheka tu, akaendelea kupangusa vioo. Hakuwahi kusema ndiyo, wala hakuwahi kusema hapana.

Alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Lilikaa kwenye banda lenye sakafu ya saruji. Liliinuliwa juu ya magogo manne ili tairi zisilale upande mmoja. Hakulifunika kwa turubai la plastiki, kwani alisema plastiki hufungia unyevu na unyevu huzaa kutu. Alilifunika kwa mashuka ya pamba ambayo mama alikuwa ameyachoka. Alizibua kwa waya vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango, maji yasituame ndani. Kila Jumamosi jioni aliunganisha betri, akaliwasha, akaliacha lingurume kwa dakika 20, kisha akalizima na kuifungua tena betri. Siku ya Pasaka, kama petroli ilipatikana, alilitoa barabarani. Alimpeleka mama Misa ya asubuhi, akarudi kutuchukua sisi mmoja mmoja.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Alipokea Sakramenti zote, akazikwa kwa heshima na jumuiya yake. Mwaka uliofuata figo za mama zilishindwa kufanya kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wasomaji wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani hawahitaji kuelezwa. Wengine waelewe tu kwamba gharama ile haina siku ya mwisho. Mwalimu alichukua mkopo kazini. Wa pili aliuza nusu ya bidhaa za dukani. Mseminari wetu, ambaye hana mshahara, alifika mahali pa kuwaza kuomba ruhusa arudi nyumbani atafute kazi. Mama ndiye aliyemkatalia.

Ndipo tukatazamana, na wote tukajua tunawaza nini. Tulikwenda mahakamani, mwalimu akateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, tukawaambia watu kwamba gari la baba linauzwa.

Walikuja wengi. Wengine walitaka tairi tu, mwingine alitaka kulifanya gari la maharusi. Kisha akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mzee mtaratibu anayekusanya magari ya zamani na kuyaandaa kwa ajili ya zile mbio za magari ya kale zinazofanyika Afrika Mashariki. Alifika jioni, mwanga umeshapungua, akiwa njiani kwenda Arusha. Alilizunguka gari mara moja, akagusa boneti, akasema, "Nimeambiwa hii ilikimbia Safari."

Hakuna aliyejibu mara moja. Kisha mmoja wetu, na tumekubaliana kutomtaja ni yupi, akasema, "Ndivyo inavyojulikana hapa."

Mzee akasema kwamba kama ni hivyo atalinunua kwa shilingi milioni 70. Sharti lake lilikuwa moja. Kwa kuwa hakuna picha wala karatasi za mbio, sisi watoto tuandike hati ya kiapo mbele ya wakili, tutamke kwamba gari hili lilishiriki mbio za Safari katika miaka ya sabini. Akasema atarudi baada ya siku nne. Tulimsindikiza hadi barabarani tukiwa wepesi kama watu waliotuliwa mzigo.

Usiku ule tulipiga hesabu kwenye meza ya chakula, mama akiwa amelala. Milioni 70 zingemlipia mama karibu miaka mitatu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi tulicheka.

Kesho yake tulifungua sanduku la bati la baba kutafuta kadi ya gari ya zamani. Chini yake tulikuta daftari gumu lenye jalada jekundu. Baba alikuwa ameandika humo kila kitu alichowahi kulifanyia lile gari, kwa mwandiko wake uliolala kulia: plagi, mafuta, mikanda, brashi za breki. Tuliketi sakafuni tukalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Lilianza hivi: gari lilinunuliwa jipya na mwajiri wake mwaka 1972, likatumika kwa safari za Moshi na Arusha na safari chache za Mombasa. Hakuna mbio.

Tukafungua kurasa mbele. Pasaka ya mwaka 1980 aliandika: "Leo nimepaka boneti rangi nyeusi, kama zile nilizoziona Taita." Tulikumbuka kwamba aliwahi kutusimulia jinsi mwajiri wake alivyowapakia mafundi wote nyuma ya pikapu, wakavuka mpaka kwenda kuyatazama magari ya Safari yakipita upande wa milima ya Taita. Alikuwa kijana aliyesimama kando ya barabara akila vumbi, akafurahi, akaja kupaka boneti.

Mwaka 1986 kulikuwa na ukurasa mwingine. Injini ya asili ilichemka ikapasuka, na kuipata nyingine ya aina ile haikuwezekana. Baba alinunua injini ya Nissan Patrol iliyopinduka, akahamisha alichoweza kuhamisha, akaifunga. Tulikwenda bandani na tochi. Kwenye kibati cha ndani ya boneti injini imeandikwa kuwa ya sentimita za ujazo 2,393, lakini ubavuni mwa injini yenyewe, mbele ya namba yake, imegongwa L28. Injini hiyo ni ya jamii moja na ile ya kwanza, ila kubwa zaidi, nayo haikuwa ya gari lile. Ukurasa wa mwaka 1994 ulieleza kutu iliyoota sakafuni upande wa dereva, akaikata, akaunga bati, akaziba kwa puti na kupaka rangi. Kazi ilikuwa safi kiasi kwamba hata wa pili wetu, anayeshinda na vipuri, hakuwahi kuigundua.

Hapo ndipo tulipogombana.

Wa pili alisema, na tunaandika kwa idhini yake: "Huyo mzee ni mtaalamu. Injini ataiona mwenyewe. Na habari ya Safari si sisi tulioibuni, mji mzima unaisema. Mama anaumwa. Mnataka tumwambie nini, kwamba tulikuwa na fedha za dawa tukazikataa kwa sababu ya boneti?"

Mwalimu hakumjibu. Alikuwa analia. Baadaye alituambia kwamba wakati ule alikubaliana naye.

Mseminari wetu alikuwa likizo, na madaftari yake ya maadili yalikuwa mezani. Alitueleza kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino aliliwaza jambo hili hasa. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, anachunguza udanganyifu katika kununua na kuuza, na anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya kitu anachokiuza. Jibu lake lina pande mbili. Kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima itajwe. Kasoro iliyo wazi, mfano wake farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza mwenyewe, mradi apunguze bei kadiri inavyostahili.

"Basi," wa pili akasema, "injini ndiyo hilo jicho la farasi. Afungue boneti, ataona."

"Na sakafu iliyozibwa kwa puti?" mseminari akauliza. "Na hati ya kiapo?"

Tukanyamaza. Hati ile haikuwa kasoro ya gari hata kidogo. Ilikuwa maneno yetu. Tukaanza kuzihesabu amri ambazo karatasi moja ingezivunja. Amri ya Nane, kwa kuwa ni uongo. Amri ya Saba, kwa kuwa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inaihesabu hila katika biashara pamoja na makosa dhidi ya mali ya wengine. Na Amri ya Pili, ambayo hatukuwa tumeifikiria kabisa: anayeapa anamwita Mungu awe shahidi wake, na anayeapa uongo anamwita Mungu aushuhudie uongo. Sisi tungemwita kwa ajili ya rangi ya boneti.

Hata hivyo, tuseme kweli, kuijua amri hakukutuondolea hesabu. Mtu anaweza kuzitaja amri zote kumi kwa ufasaha, na bado mama yake yumo chumbani anahitaji matibabu kesho kutwa. Tulilala bila kukubaliana.

Asubuhi mama alituita. Nyumba yetu ni ndogo na kuta zake ni nyembamba. Alikuwa amesikia yote. Tulimwonyesha daftari. Alilishika muda mrefu, kisha akasema, "Nilimwambia baba yenu awaambie ukweli. Akanijibu, waache watoto wafurahi. Nikamwambia, ipo siku furaha hii itawagharimu." Alitabasamu kidogo. "Sasa mimi naumwa, na najua mnanipenda. Lakini wanangu, mkisaini kile kiapo, kila nikilala kwenye ile mashine nitajua ni nini kinanilipia. Msinipe kazi ya kuwaombea msamaha. Nguvu zenyewe sina."

Wa pili alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya banda karibu saa nzima. Aliporudi alisema, "Basi tumwambie yote. Hata ile sakafu."

Mzee wa Nairobi alirudi siku ya nne, safari hii mchana. Hatukumngoja aanze kukagua. Mwalimu alimpa daftari mkononi, akamweleza mambo matatu: gari halikukimbia Safari, injini si ya asili, na sakafu ya upande wa dereva imeungwa. Akamwomba radhi pia kwa lile jibu la siku ya kwanza.

Mzee hakusema kitu. Alivaa miwani, akasoma daftari akiwa amesimama, kurasa nyingi. Kisha akalala chali chini ya gari na tochi, akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, akainuka akajipangusa vumbi. Akasema, "Hiyo injini ningeiona tu. Hata hiyo kutu, pengine fundi wangu angeiona. Lakini hiyo karatasi yenu, hiyo ningeiamini."

Neno hilo lilitupiga kuliko tulivyotarajia. Tulikuwa tumejifariji kwamba mtaalamu hadanganyiki. Kumbe mahali pekee ambapo hakuwa na kinga ni pale alipotuamini sisi.

Alitoa bei mpya, milioni 48. Hatukubishana, kwa sababu alitueleza kwa hesabu: sakafu itakavyomgharimu, injini ya asili inavyopunguza thamani inapokosekana, na kiasi ambacho alikuwa amekiongeza kwa ajili ya jina la Safari. Ilikuwa bei ya haki. Pengo la milioni 22 lilikuwa karibu mwaka mmoja wa matibabu ya mama. Hatutaki msomaji adhani kwamba jambo lile lilikuwa jepesi, au kwamba baadaye tulipata fedha hizo kwa njia ya ajabu. Hatukuzipata. Jumuiya yetu ndogondogo imechanga, akina mama wa WAWATA wamechanga, na wa pili ameuza kiwanja alichotarajia kujenga. Tunaendelea hivyo, mwezi kwa mwezi.

Mzee aliomba jambo moja zaidi, apewe lile daftari. Alisema gari la zamani lenye historia iliyoandikwa tangu mwanzo ni adimu, na atalitunza pamoja na gari. Tulisita. Mmoja wetu alitaka tuuchane ukurasa wa Pasaka ya mwaka 1980 tubaki nao kama kumbukumbu. Mama akakataa. Alisema daftari likichanwa, mtu atakayelisoma atajiuliza tumeficha nini. Tukaenda kwenye duka la kutoa nakala tukanakili kurasa zote, na daftari lenyewe likaondoka na gari.

Siku ya kulichukua, mzee mwenyewe aliliendesha kulitoa bandani. Mama aliketi kwenye kiti uani amejifunika kitenge. Gari lilipowaka, alisikiliza, akasema, "Hiyo ndiyo Patrol ya baba yenu." Tukacheka, na baadhi yetu tukalia. Vijana wa mtaani walikuwa wamejaa njiani, mmoja akapaza sauti, "Safari hiyo inaondoka!" Wa pili wetu akamwendea akamweleza ukweli, kwamba haikukimbia, ila fundi wake alikwenda kuziona zinazokimbia, akazipenda maisha yake yote. Kijana alionekana kuvunjika moyo kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ile injini aliifunga mwenyewe, peke yake?" Tukamjibu ndiyo, peke yake, bandani mle, mwaka 1986.

Tumekuwa tukilifikiri swali la kijana yule. Baba tuliyekuwa tukimsimulia shuleni alikuwa mwenye gari lililoshinda mbio. Baba wa kwenye daftari alikuwa fundi aliyelipwa jasho lake kwa gari ambalo hakuna aliyelitaka, akaliweka hai kwa zaidi ya miaka 40 kwa injini ya kuokoteza na mashuka makuukuu. Tungesaini ile hati, tungemtambulisha duniani yule wa kwanza, na huyu wa pili asingejulikana na mtu yeyote. Isitoshe, tungelazimika kulichoma moto lile daftari.

Ndugu msomaji, pengine huna gari la zamani. Lakini iko siku utauza ng'ombe anayepiga teke, shamba lenye mgogoro wa mpaka, simu iliyowahi kuanguka majini, au bodaboda iliyofunguliwa injini. Kile kisichoonekana, kitaje kabla hujaulizwa. Kinachoonekana, kipunguzie bei. Na ukiona bei imepanda kwa sababu ya neno lako tu, simama kwanza uliangalie neno hilo vizuri. Nawe mseminari, utakayeketi siku moja kwenye kiti cha maungamo ukisikiliza watu wenye wagonjwa nyumbani na bei mezani, uwafundishe ukweli bila kuupunguza, lakini kumbuka kuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Banda la baba sasa ni tupu. Jumamosi jioni, saa zile alizokuwa akiliwasha gari, jumuiya yetu hukutana humo kusali Rozari. Doa la mafuta bado liko katikati ya sakafu, nasi tunaweka viti kulizunguka.

Mwombeeni mama yetu, na marehemu baba apumzike kwa amani. Amina.